Paja la Haidari

Msimu ule msuli wa nyuma ya paja ulimwangusha Haidari, beki wa timu ya mpira ya Mohoro, mara mbili. Mara ya pili walimtoa kwa machela, na pembeni mwa uwanja washabiki wakasikika wakisema, "Miaka thelathini na miwili! Si apumzike akalime mpunga wake."

Kocha mpya, Mwajabu, mwalimu wa michezo aliyehamia kutoka Kibiti, hakusema hivyo. Paja lilipopona alimkalisha chini, miguu imenyooka, akamwambia aguse vidole vyake. Mikono ya Haidari ikaishia kwenye ugoko. Mwajabu akaweka rula.

"Zimebaki sentimita kumi na tano."

"Mwalimu, mimi kutwa nainama shambani!"

"Unainama umekunja magoti, kaka. Kila siku, mwili ukishapata joto, nyoosha. Vuta taratibu, hesabu thelathini, usirukeruke. Nipe wiki nane."

Alianzia uani, kwa aibu. Mkewe Yasmini alipomkuta kalaza mguu juu ya kinu alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Siku ya tatu alikuwa akimhesabia huku anapeta mchele.

Wiki ya tatu Haidari alivuta kwa pupa, akachechemea siku mbili.

"Msuli haushindwi kwa hasira," Mwajabu alimkemea. "Ukiuma, legeza."

Nusura aache. Lakini Ijumaa moja msikitini, kwenye kikao cha tahiyatu, aligundua kuwa amekaa sawasawa, na mguu hakuutupa pembeni kama alivyozoea tangu aumie. Alitoa salamu kwa furaha, na jioni akaulaza tena mguu juu ya kinu.

Wiki ya nane rula ilisoma sentimita mbili. Mwajabu akampanga dhidi ya Ngorongo.

Dakika ya themanini mshambuliaji wao akampiga chenga kipa Tamimu, akausukuma mpira kuelekea golini. Haidari alikuwa mbali. Akatimua mbio, akajirusha, akautanua mguu kuliko alivyowahi kuutanua maishani, ncha ya kiatu ikaugusa mpira, ukatoka nje.

Akabaki amelala, akiusubiri ule mchomo anaoufahamu. Haukuja. Akalibonyeza paja kwa kidole. Halikuuma.

"Haidari!" Tamimu akapiga kelele. "Kona hiyo! Unalala?"

Akainuka mbio, akicheka peke yake. Mechi iliisha sare, na washabiki walinuna njia nzima. Yeye alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.