Tundu Kwenye Gamba

Harufu ilimpokea mlangoni kabla hajatua hata begi. Alikuwa ametoka kumuuguza dada yake, amechoka hoi, na alichotaka ni kuoga tu. Lakini harufu ile haikuwa ya takataka wala ya panya aliyekufa. Aliifuata huku amebana pua kwa mtandio, hadi uani, nyuma ya mashine za mumewe, fundi wa mageti.

Kobe wake, urithi kutoka kwa marehemu baba yake, alikuwa pale, amefungwa nyororo. Na nyororo haikuzungushwa mguuni, la hasha. Ilipitishwa kwenye tundu lililotobolewa ukingoni mwa gamba, karibu na mguu wa nyuma, tundu la duara safi kabisa, kazi ya fundi. Ndani yake vitu vyeupe vilikuwa vinajinyonganyonga.

Funza! Alitapika palepale kando ya kopo la rangi. Akajifuta mdomo, akafungua nyororo kwa mikono mitupu, akamlaza kobe kwenye beseni. Mume aliwapeleka kliniki kwa gari, vioo vyote vimeshushwa, akilalamikia harufu aliyoitengeneza mwenyewe.

"Nani kafanya uchafu huu?" daktari wa wanyama aliuliza.

"Mimi," fundi akajibu bila kutahayari. "Kila siku anatoroka, anakula maua ya jirani. Nikaona gamba ni kama ukucha tu. Si nyumba yake ile?"

"Nyumba gani? Mbavu zako wewe ni nyumba yako?" Daktari alipitisha kidole juu ya gamba. "Humu mna mbavu na uti wa mgongo, vimeungana nalo. Hili la chini ndilo kifua chake. Hivi vigae vya juu ndivyo kama ukucha, sawa, lakini chini yake ni mfupa wenye damu. Umemtoboa mfupa, baba."

Akaanza kuchomoa funza kwa kibano, mmoja mmoja. Kisha ukafuata usaha. Haukuchuruzika, ulitoka kipande kizima, wa manjano, kama sabuni iliyolowa. Fundi aligeukia ukutani. Mkewe hakubanduka. Funza mmoja alimwangukia kiganjani, akamkung'uta, akaendelea kumshikilia kobe wake.

"Atapona?"

"Akianza kula, atapona. Msafishe kwa dawa hii kila siku, umkaushe, akae ndani pasipo na nzi. Ila gamba haliponi haraka."

Fundi akashusha pumzi. "Basi yameisha. Mimi ningejuaje? Hakulia hata kidogo."

"Kobe halii kama mbuzi," daktari alisema. "Huvuta kichwa ndani, hutoa pumzi kwa nguvu mpaka uisikie, hujikojolea."

"Aa, hayo alifanya!" Fundi akacheka. "Alinilowesha suruali yote. Na damu ikatoka kidogo."

Mkewe akainua macho. "Uliiona damu?"

"Niliiona. Lakini mke wangu, keekee ilishatoboa nusu. Ningeachaje kazi katikati?"

Mkewe akamrudisha kobe kwenye beseni. Fundi akainama amsaidie kubeba beseni, vidole vyake vikagusa vya mkewe. Mwanamke yule, aliyeshika funza bila kupepesa, alisisimka mwili mzima kwa kinyaa akauvuta mkono wake.

"Usiniguse," alisema. Akanyanyua beseni peke yake, akamuuliza daktari teksi zinapatikana upande gani.