Kioo cha Ghorofa ya Tisa

Gunadi alikuwa juu ya ngazi akifunga vioo kwenye duka moja pale Surabaya simu ilipolia. Alikuwa mkewe, Endah, ambaye hampigii saa za kazi bila sababu.

"Mas, mume wangu, kuna moto huku ofisini, ghorofa ya tisa," alisema kwa sauti ndogo.

Alimweleza kwamba moto umeanzia chumba cha betri za umeme wa jua, ukaziba njia ya kushukia. Wako sita, wamejifungia chumba cha mikutano. Madirisha ya nje hayafunguki, maana jengo lilijengwa hivyo ili litunze ubaridi na kubana matumizi ya umeme. Kati yao na moto kulikuwa na ukuta wa kioo tu.

Kioo hicho alikifunga Gunadi mwenyewe, mwaka uliotangulia. Aliikumbuka alama iliyochongwa kwenye kona yake: dakika sitini za kuhimili moto.

Aliacha kila kitu akapanda pikipiki. Alipofika, barabara ilikuwa imefungwa, na moshi mweusi ulikuwa ukitoka ubavuni mwa jengo. Askari wa zimamoto alimsukuma nyuma ya kamba. Akampigia Endah tena.

Endah alikuwa akilia sasa. Kioo kimepasuka kwa upande wa moto, akasema, na kimegeuka cheupe kama maziwa, hawaoni tena kilichopo upande wa pili. Bosi wao, Pak Hartoyo, yaani Bwana Hartoyo, ameshika kiti. Anataka kukivunja wakimbilie ngazi kabla hakijawaangukia.

"Mpe simu," Gunadi akasema.

Hartoyo alipokea akihema. "Wewe fundi, kioo chako kinakufa. Tukae tuchomwe kama samaki?"

"Hakifi, Pak. Kinatakiwa kuwa cheupe. Ndani kina dawa inayoumuka kuzuia joto. Ukikivunja, moto unaingia kwenu."

"Umewahi kukiona kikiungua, au umesoma kwenye boksi?"

Gunadi hakuwahi kukiona. Alichojua ni maelezo ya siku moja ya mafunzo, tena aliyasikiliza nusu nusu.

"Nimekiona kwa macho yangu," akasema. "Kilizuia moto saa nzima. Weka kiti chini, Pak. Loweka makoti kwa maji ya kunywa, mzibe chini ya mlango."

Kisha Endah akarudi kwenye simu, akasema kiti kimewekwa chini. Hapo chaji ya simu yake ikaisha.

Gunadi alikaa juu ya ukingo wa barabara akitazama saa, akihesabu tangu simu ya kwanza. Dakika thelathini. Arobaini. Alijaribu kuomba dua, maneno yakamkimbia. Akabaki akilitaja jina la mkewe. Ilipopita ya hamsini alisimama akaikimbilia ile kamba, na askari wawili wakamkamata.

Watu sita walipotolewa wakiwa wamevikwa barakoa za hewa, askari walikuwa bado wamemshika. Endah alikuwa wa nne. Alikohoa hadi akapiga magoti, lakini alikuwa mzima.

Siku ya tatu, wakinywa chai, Gunadi alimwambia ukweli: hajawahi kukiona kioo kile kikiungua.

Endah alizungusha kijiko ndani ya glasi muda mrefu.

"Ningekuwa simo mle ndani," akauliza, "ungemwambia Pak Hartoyo hivyo hivyo?"

Gunadi alifikiri, akajibu kwamba hajui.