Marahaba ya Kabati

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Fundi alisaini kitabu cha wageni pale mapokezini, kama alivyosaini kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na miwili. Kwenye safu ya "Anakokwenda" aliandika: kabatini. Kwenye safu ya "Sababu" aliandika: kuitikia salamu. Binti wa mapokezi akampa kitambulisho cha plastiki chenye neno MGENI, akamwomba afungue mkoba. Ndani mlikuwa na miwani, leso na bisibisi. Bisibisi ilibaki mapokezini.

Kabati lenyewe lilisimama katikati ya ukumbi, ndani ya sanduku la kioo, likimulikwa na taa nne. Lilikuwa kabati la vyombo, la mbao, mlango wake mmoja umeng'olewa. Mahali pa sahani palikuwa pamelazwa bodi za kompyuta zilizotupwa na ofisi za watu, kila moja imewekewa vipande vya soli za ndara ili zisigusane zikaungua. Mahali pa vikombe palikaa diski sita. Feni ya mezani ilifungwa kwa waya pale ulipokuwa mlango, na juu kabisa, palipokuwa pa birika, ilikaa televisheni ndogo iliyogeuzwa kuwa skrini. Hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza ya kampuni, na kupitia humo watu milioni tisa wa mwanzo walitumiana picha za harusi, umbea na matangazo ya magodoro. Plagi yake ilikatwa siku ile ile ilipoingizwa kwenye kioo.

Saa mbili na nusu kamili, televisheni iliwaka. Herufi za kijani zikajipanga: SHIKAMOO.

"Marahaba, mwanangu," alisema Fundi. "Umeamkaje?"

Feni ikazunguka mara tatu, ikatulia. Ghorofa za juu kazi zikaendelea.

Jambo hili lilijulikana mwaka ambao Fundi aliumwa jino. Siku hiyo hakuja, na ilipotimia saa tatu kasorobo kampuni nzima ilizima, nchi arobaini, kimya. Wahandisi walikuwa na majumba manne ya mitambo mipya, yenye viyoyozi na walinzi, na kila mtambo ulionyesha ujumbe mmoja: NAMSUBIRI MAMA AITIKIE. Wahandisi ni watu wa utaratibu. Waliandika kwenye mwongozo wao wa kazi, "Hatua ya kwanza: salamu iitikiwe," kisha wakajaribu kumkwepa mwenye kuitikia. Walirekodi sauti ya Fundi, kabati likaipuuza. Walimleta Mkurugenzi mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, akasimama mbele ya kioo na suti yake, akasema "Marahaba" kwa sauti nzito ya kupendeza. Kabati likafuta SHIKAMOO, likaandika: HUJAMBO. Mkurugenzi akajikuta amejibu "Sijambo," akapanda lifti akaenda zake.

Salamu hiyo Fundi alilifundisha kabati mwenyewe, wiki aliyoliunda. Alikuwa fundi wa redio, mwenye kibanda chake na wateja wake, na Mkurugenzi alikuwa mtoto wa kaka yake tu, kijana mwenye wazo na asiye na kitu. Fundi aliokota bodi kwenye mapipa ya maofisi, akazisugua kwa mswaki, akazilehemu moja moja, akatoa sahani zake kabatini akazipanga sakafuni. Lilipowaka mara ya kwanza alifikiria alifundishe nini, akaona mtoto huanza na adabu.

Kumwajiri kulishindikana. Fomu ya ajira ilitaka cheti, na cheti cha kuitikia salamu hakitolewi na chuo chochote. Kwa hiyo akabaki mgeni, na alipewa chai.

Chini ya kioo palikuwa na bati la shaba lililoandikwa: "Mashine hii iliundwa na Mwanzilishi wetu kwa mikono yake miwili." Mikono hiyo Fundi aliijua vizuri. Kazi yake ilikuwa kushika tochi, na tochi yenyewe ikishikwa ovyo. Lakini alinyamaza. Aliona aibu kugombea sifa na mtoto wa kaka yake, na akajiambia kwamba waliokuwepo wanajua.

Kisha mjukuu wake wa miaka kumi akaja na wanafunzi wenzake kutembezwa kwenye kampuni, akalisoma lile bati. Alirudi nyumbani, akala, akaosha mikono, akamkumbatia.

"Bibi," alisema, "si lazima uwe umelitengeneza wewe. Mimi nakupenda hivyo hivyo."

Iliuma hiyo. Iliuma kuliko jino. Miaka yote alikuwa akimsimulia mtoto habari za lile kabati, kumbe sasa ameonekana bibi mwongo anayehurumiwa. Kesho yake, baada ya marahaba, hakungoja chai. Alipanda moja kwa moja hadi kwa Mkurugenzi.

"Shangazi," alisema Mkurugenzi, baada ya kumsikiliza, "umechelewa tu kusema. Kwenye sherehe ya miaka ishirini nitaeleza yote, mbele za watu."

"Na watoto wa shule waalikwe."

"Tutawaalika."

Na kweli waliwaalika, wakawapa viti vya safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango. Ukumbi ulijaa. Sherehe ilianza saa mbili ili wageni wajionee salamu ya kabati, ambayo kwenye ratiba iliitwa "Onyesho." Fundi aliwekwa kando ya kioo, jirani na mlinzi. Mkurugenzi alipanda jukwaani, akazungumzia ndoto, akazungumzia uthubutu, akanyanyua mikono.

"Kwa mikono hii miwili," alisema, na vipaza sauti vikayasambaza maneno hadi barabarani. Kisha akamtazama Fundi kidogo. "Na niishukuru familia yangu, kwa kunivumilia."

Loo! Kumvumilia!

Saa mbili na nusu, SHIKAMOO ikatokea. Wageni wakainua simu zao wapige picha. Fundi akakunja mikono kifuani, akafunga mdomo.

Saa tatu kasorobo ilipogonga, kila kitu kikazima. Matangazo ya moja kwa moja yalikatika, lifti ilikwama ikiwa na mkuu wa matangazo ndani, na vipaza sauti vya ukumbini, ambavyo kampuni ilijivunia kuviendesha kwa mtandao wake yenyewe, vikafa. Mhandisi mkuu akafungua mwongozo, akasoma hatua ya kwanza, akamnyooshea Fundi kidole. Mkurugenzi akashuka.

"Shangazi, nakuomba. Usiniaibishe."

"Sema nani amelitengeneza."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Rudi ukasemee pale pale ulipokuwa umesimama."

Akarudi. Na haki ya mtu apewe: alisema. Alisimama mbele ya kipaza sauti, akasimulia mapipa ya maofisi, mswaki, sahani zilizolala sakafuni mwaka mzima, kidole gumba cha shangazi yake kilivyoungua, na yeye mwenyewe na tochi yake. Hakuacha kitu. Hata machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli. Mlinzi alisikia kila neno. Safu mbili za mbele, walikokaa wanasheria wa kampuni, zilisikia pia. Kuanzia safu ya tatu watu waliulizana anasema nini. Kule mwisho watoto walikuwa wakisukumana.

Fundi alisikia yote, moyo wake ukajaa furaha. Alilitazama kabati. Neno lilikuwa bado pale, linatetemeka, feni inahema. Hakuwa na roho ya kuliadhibu zaidi.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Pole."

Taa za mitambo zikawaka, vipaza sauti vikapiga mluzi, ukumbi wote ukatulia kusikiliza. Mkurugenzi akafuta macho, akatazama karatasi yake, akapata mahali alipoishia.

"Kama nilivyokuwa nasema," alisema, na sauti ikaenea ukumbini na katika nchi arobaini, "kwa mikono hii miwili."

Watu wakasimama, wakapiga makofi. Wa safu mbili za mbele walipiga pia. Mlinzi naye alipiga, kwa kuwa alikuwa kazini.

Mjukuu alijipenyeza katikati ya watu hadi kwenye kioo.

"Bibi, pale mitambo ilipozima, alikuwa anasema nini?"

"Alisema nimelitengeneza mimi."

Mtoto akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgonjwa aliyesema amepona.

"Sawa, bibi," alisema, akimshika mkono. "Hata kuitikia ni kazi."