Kinga ya Meno Ndani ya Jeneza

Mtani hakasirikiwi. Nimeambiwa hivyo tangu nikiwa mtoto, na siku tuliyomzika bibi yangu niliambiwa hivyo mara nyingi kuliko nilivyoambiwa pole. Basi mimi nilikasirika. Na hasira yenyewe sijaimaliza hadi leo.

Sisi ni Wangoni wa Lizaboni, hapa Songea. Nassoro ni Myao wa Tunduru, anauza korosho na dagaa sokoni, na Wayao ni watani zetu. Mababu walipigana, wajukuu wanataniana. Kwenye msiba wetu mtani ndiye mwenye sauti. Anateka kitu chochote cha wafiwa mpaka kikombolewe, anamsema marehemu apendavyo, na mfiwa akinuna anaonekana hakulelewa. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayekuchimbia kaburi. Nassoro alikuwa makaburini tangu alfajiri, na alipokuja nyumbani pindo la kanzu yake lilikuwa limejaa udongo mwekundu. Sisemi kwamba ni mtu mbaya.

Asubuhi ile alikuwa ameshateka viatu vya mjomba Bartolomeo, kaka mkubwa wa mama yangu, na mjomba akawa anapokea wageni na soksi zake. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, maana mjomba ni mtu wa kujisikia na soksi moja ilikuwa imetoboka kidoleni.

Mimi ni bondia. Najua unachotaka kusema, mjomba alishakisema: mwanamke anayepigana ngumi ataolewa na nani. Jumamosi ya wiki ile nilikuwa na pambano la mchujo, na atakayeshinda angekwenda kambini Dar es Salaam. Bibi alifariki Jumanne, tukamzika Jumatano. Kocha wangu, Azizi, alikuja kunipa pole, akaniuliza taratibu kama nitapanda ulingoni. Nikamwambia nitapanda. Bibi mwenyewe angenifukuza nyumbani kama nisingepanda.

Jambo moja tu ndilo lililokuwa la hatari, nalo ni jino langu la mbele, la juu. Mwaka jana nilipigana nikiwa na kinga ya meno ya dukani, zile unazozitumbukiza kwenye maji ya moto halafu unaziuma zishike umbo. Haikushika umbo lolote. Raundi ya pili ilitoka mdomoni, ikaanguka, na ngumi iliyofuata ililegeza jino. Daktari wa meno alilifunga kwa waya mpaka likashika tena, kisha akaniambia bila kupepesa macho: ukipigwa hapo tena bila kinga iliyotengenezwa kwa kinywa chako mwenyewe, jino hili limekwenda, na la jirani yake pia.

Bibi ndiye aliyenisindikiza kupimwa. Daktari alinijaza mdomoni uji mzito wenye ladha ya dawa ya mswaki, akaushikilia mpaka ukaganda, akautoa ukiwa na alama za meno yangu yote. Humo akamimina plasta, na plasta ilipokauka nikaona meno yangu yamekaa mezani yananitazama. Bibi alicheka sana. Kinga yenyewe ilitengenezwa Mbeya juu ya plasta ile, ikaja baada ya wiki kadhaa, ya bluu, imekaa mdomoni kana kwamba nilizaliwa nayo. Bibi akaomba apewe yale meno ya plasta, akayaweka juu ya kabati lake. Alisema angalau sasa ana meno ndani ya nyumba.

Bibi Kunegunda hakuwa na meno ya mbele ya juu. Kila mtu katika ukoo anajua sababu: walikuwa wanatwanga na mwenzake, mchi ukaponyoka ukampiga mdomoni. Nimekua nikiusikia mchi huo, na watani wameutania miaka yote. Siku ile ya kupimwa, tukiwa kwenye benchi tunasubiri kuitwa, bibi aliniambia bila hata kunigeukia, "Pamela, hapakuwa na mchi. Babu yako alikuwa na mkono mzito."

Babu alikuwa katekista. Picha yake ipo sebuleni, ameshika kitabu cha sala.

"Usiwaambie nikiwa hai," bibi alisema. "Watanihurumia, na mimi sitaki huruma ya mtu. Wewe vaa hicho kidude. Asikutoe mtu jino."

Sasa, kuaga mwili. Jeneza lilikuwa uani chini ya turubai, limefunguliwa. Mama alikaa kwenye mkeka upande wa kichwani, ameinama, kanga imemfunika uso. Padre alikuwa anasubiriwa. Ndipo Nassoro akatokea ndani ya nyumba, na mkononi ameshika kikopo changu cha kuwekea kinga. Alikuwa amepekua begi langu la mazoezi.

"Jamani, nipeni nafasi nimuage mtani wangu," akasema. Watu wakaanza kutabasamu hata kabla hajaendelea. "Huyu bibi miaka yote ananitangaza sokoni kwamba nanuka dagaa. Kumbe wivu. Hata hao dagaa alikuwa hana cha kuwatafunia." Kicheko. "Wangoni mnajisifu vita, mnajisifu mikuki. Mchi tu uliwashinda. Umepigwa na mchi, bibi, na hukurudisha hata kofi."

Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Mjomba Bartolomeo alicheka kwa sauti kuliko wote.

"Sasa huko uendako naambiwa kuna nyama ya bure. Mtani wako nimekutafutia meno. Ni ya bluu, lakini usichague, mtoto wa watu." Akafungua kikopo, akaitoa kinga yangu, akainyoosha juu watu waione, akaishusha ndani ya jeneza kwenye vidole vya bibi, palipo na rozari.

Nilisimama. Nilipita katikati ya watu bila kuomba njia. Nikamwambia Nassoro, "Naomba unitolee kinga yangu."

"Ikomboe, dada. Jogoo mmoja tu," akasema, bado yumo kwenye mchezo wake.

"Sikomboi kitu. Itoe."

Mjomba akanishika mkono juu ya kiwiko. "Pamela, kaa chini. Mtani hakasirikiwi."

"Mjomba, Jumamosi napigana. Ile haipatikani tena kabla ya Jumamosi."

"Utanunua nyingine dukani. Kilichoingia jenezani hakitoki, unataka kutuletea mkosi? Kaa chini, unatuaibisha kwa ajili ya kipande cha mpira."

Mpira. Kila mtu pale alikuwa ananitazama kama mtoto anayelilia pipi kanisani. Shangazi mmoja akasema pole pole kwamba ni majonzi tu. Mwingine akasema ndiyo matokeo ya hizo ngumi. Mimi nilikuwa naona kitu kimoja tu: mdomo wa bibi ulioingia ndani pale juu, na watu wanaoushangilia. Nilichukia. Nawachukia bado, nikikumbuka.

"Niachie mkono, mjomba," nikamwambia.

Hakuniachia. Nikauzungusha mkono, kama Azizi alivyotufundisha, ukatoka, na nikauingiza ndani ya jeneza. Vidole vya bibi vilikuwa vya baridi na vigumu. Rozari ilinaswa kwenye kinga, nikaitoa taratibu, punje kwa punje, nikairudisha mahali pake. Nikamwambia bibi samahani. Kisha nikainuka na kitu changu mkononi.

Hakuna aliyecheka tena. Hata waliokuwa wanapika nyuma ya nyumba walikuja kuchungulia.

"Umemwibia maiti," mjomba akasema. Alikuwa amepauka. "Mbele ya watu wote hawa umemwibia mama yangu."

"Yeye ndiye aliyeniambia niivae. Alisema asinitoe mtu jino, nisibaki kama yeye."

"Kama yeye vipi? Mama alipigwa na mchi, ni ajali. Inahusiana nini na upuuzi wako?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitaka, na padre alikuwa anaingia getini. Lakini bibi alisema nisiwaambie akiwa hai, na sasa hakuwa hai, na hawa walikuwa wanataka kumfukia pamoja na mchi wao.

"Hapakuwa na mchi," nikasema, kwa sauti ya kutosha kufika getini. "Ulikuwa mkono wa babu. Katekista. Aliniambia mwenyewe."

Nassoro alivua kofia. Akainama juu ya jeneza, na sauti yake haikuwa tena ya utani. "Mtani wangu, nisamehe. Mimi nimetania nilichoambiwa." Sijawahi kumsikia mtani akiomba radhi, wala sidhani kama kuna aliyewahi kusikia pale. Akarudi nyuma, akasimama pembeni na kofia yake mkononi.

Mjomba yeye hakumtazama Nassoro. Alinitazama mimi. "Mwongo wewe," akasema. "Baba yangu hakuwahi kumgusa mama. Mtoto mwongo, huna haya." Na mkono wake ukapanda, kiganja wazi.

Nilikuwa tayari. Nilishaona ngumi nyingi zikija, na kofi lile lilikuwa linakuja polepole mno. Lakini kabla halijafika, mama aliondoa kanga usoni. Hakuinuka mkekani, wala hakupaza sauti.

"Shusha mkono, kaka," akasema. "Meno yalikuwa manne. Mimi ndiye niliyeyafagia, na wewe ndiye uliyeniletea ufagio."