Herufi Mbili

Karatasi aliyopewa Herufi ilikuwa imekunjwa mara nne, na kila alipokunjua mkunjo mmoja hasira ilimpanda hatua moja. Alisimama mbele ya darasa jipya, ngazi imeegemea ukuta, kopo la rangi miguuni, akasoma maneno aliyotakiwa kuyaandika juu ya mlango: TUMEJENGEWA DARASA HILI NA MHESHIMIWA DIWANI WETU. TUNASHUKURU.

Aliyasoma tena polepole, kama mtu anayekula samaki gizani na kuogopa mwiba. Mwiba aliukuta kwenye neno la kwanza.

"Tumejengewa na nani?" aliuliza.

Katibu wa diwani, bwana mmoja mwembamba ambaye viatu vyake vilikuwa safi kuliko sahani za watu wengi, alimjibu kwamba fundi mzuri husoma mstari mpaka mwisho kabla ya kuuliza. Jina la aliyejenga lilikuwa humo humo. Uzinduzi ungekuwa Jumamosi, mpiga picha angekuja, na watoto wangeyasoma maandishi hayo kwa sauti moja mbele ya wageni. Hilo la watoto kusoma alilibuni yeye mwenyewe, na alilisema huku akitabasamu. Kisha akapanda gari, akaenda zake.

Herufi hakuwa na jina lingine mtaani. Alikuwa mchora vibao, na mtaa mzima ulikuwa umeandikwa kwa mkono wake, kuanzia kinyozi mpaka duka la dawa, pamoja na kuta zote zilizokataza watu kukojoa. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kupita penye neno lililokosewa akalala usingizi. Siku moja alipanda ngazi mbele ya bucha, bila kuombwa wala kulipwa, akamwekea ng'ombe wa kibao kile kialama chake cha juu, kati ya g na o, kilichosahauliwa na fundi mwingine. Mwenye bucha alidhani anaibiwa kibao, akatoka na kisu. Watu walicheka mwezi mzima, na jina la Herufi likamganda tangu siku hiyo.

Na darasa hili alilijua kuanzia msingi. Shule ilikuwa ya serikali, ya watoto wa kila mtu, na kwa miaka mitatu darasa la nne walikuwa wakisomea kibarazani kwa sababu vyumba havikutosha. Watu waliandika barua, walikwenda ofisini, walikaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka mabenchi yakawazoea. Mwisho shangazi yake Herufi, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alichukua chaki ya bluu ya kuchoria vitambaa akaanza kupita mlango kwa mlango. Nyumba iliyotoa Jumamosi yake kufyatua tofali, kubeba mchanga au kuteka maji, ilichorwa mstari mmoja mlangoni. Nyumba isiyotoa haikuguswa, ikabaki uchi barabarani. Wajanja wawili watatu walijichorea wenyewe kwa chaki nyeupe, wakaumbuka, maana bluu ile ilikuwa kwenye mfuko wa shangazi peke yake.

Hivyo ndivyo darasa lilivyosimama. Dereva wa lori alileta mchanga siku yake ya kupumzika. Mwashi waliyemwita Timazi, kwa jinsi alivyokuwa hawezi kuvumilia kitu kilichopinda, alipandisha kuta bila ujira, akiwatukana vibarua wake wa hiari kama vile anawalipa. Herufi alikoroga zege mpaka viganja vikachubuka na kwa wiki mbili akashindwa kushika brashi. Diwani hakuleta hata kijiko cha kukorogea chai ya mafundi.

Mwalimu mkuu alisubiri gari la katibu lipotee ndipo akatoka ofisini. Alikuwa mtu mwema na mwoga, na alipoogopa alichezea funguo zake. Siku hiyo zililia kama kengele ya shule. Herufi alipombana, alitapika yote. Ofisi kuu ilikuwa imekwisha kuidhinisha darasa moja kwa shule hii. Diwani alitakiwa apeleke ripoti kwamba limejengwa, na ripoti haipokelewi bila picha ya jengo lenye maandishi yake. Picha ya hili jipya ikifika, faili la shule linafungwa.

"Na darasa lenyewe lililoidhinishwa?"

"Si ndilo hili tunalolitazama," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Fungu lake limekwenda wapi, usiniulize mimi. Nina miaka miwili nistaafu."

Herufi aligeuka akatazama kibaraza. Darasa jipya lilikuwa limewachukua la nne A. La nne B walikuwa bado nje, kwenye kibaraza cha darasa hilo hilo jipya, wamekaa chini ya mlango ambao hawakuwa na haki ya kuupita, wameweka madaftari magotini. Binti yake alikuwa wa tatu kutoka ukingoni. Chumba walichokuwa wakikingojea watoto hao kilikuwa ndicho hicho kilichoidhinishwa, na sasa kilitaka kufutwa kwa neno moja la ukutani.

Mwalimu alijaribu kutafuta njia ya katikati, kama kawaida ya watu wanaotaka kustaafu salama. Alipendekeza waandike TUMEJENGA NA MHESHIMIWA. Hiyo *na*, alieleza, ina milango miwili. Anayetaka asome kwamba walijenga kwa uwezo wa mheshimiwa, na anayetaka asome kwamba alisaidiana nao.

"Huo mlango wa pili," Herufi alisema, "utamtoa mwanangu kibarazani?"

Funguo zilinyamaza.

Jioni hiyo Herufi alimkuta binti yake akiandika mezani nyumbani kwa shangazi, akasimama nyuma yake. Mchora vibao huona herufi kama daktari anavyoona ulimi. Za binti yake zilikuwa zinalala. Mwaka uliopita, alipokuwa na dawati, zilisimama wima kama askari. Sasa zilikuwa zimeegemeana kulia, L juu ya I, I juu ya N, kama walevi wanaosindikizana nyumbani. Ukiandika gotini mwaka mzima, hata mkono hujifunza kuinama. Alitaka kumwambia azinyooshe, akaona aibu. Kosa halikuwa la mtoto.

Shangazi alikuwa kwenye cherehani akishona kitambaa cha kufunikia maandishi siku ya uzinduzi, kazi aliyopewa na katibu yule yule. Herufi alimsimulia yote. Alimwambia pia kwamba katibu alikuwa amemdokeza kuhusu kazi ya kuandika namba za vibanda vyote vya soko, mia na zaidi, itakayomlisha mpaka mwisho wa mwaka. Akikosea ukuta huu, soko asahau.

Shangazi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini.

"Wewe si ndiye uliyemwekea ng'ombe alama yake bila kuombwa?" alisema. "Ukakimbizwa na kisu?"

"Ndiye mimi, shangazi."

"Basi ng'ombe wa bucha ana haki kuliko mwanao."

Akaendelea kushona.

Asubuhi ya Ijumaa Herufi alipanda ngazi. Timazi alikuja na uzi wake wa kupimia, si kwa sababu aliombwa, bali kwa sababu hakumwamini mtu yeyote na ukuta wake. Aliangusha uzi katikati ya mlango, akachora mstari wa kati, akashuka, akasema, "Ukuta wangu umenyooka, ndugu yangu. Usinitundikie neno lililopinda."

Herufi alizoea kuanzia katikati. Ndivyo alivyojifundisha: hesabu herufi za neno, tafuta ya kati, iweke kwenye mstari, kisha jenga kushoto na kulia, ili neno lisielemee upande. Neno la kwanza lilikuwa la kukaa peke yake juu, kwa herufi kubwa kuliko zote. TUMEJENGEWA lina herufi kumi na moja, na ya kati ni E. Alishika chaki, mkono ukaenda kwenye mstari, na ulipotoka aliona umeandika J.

Aliitazama J ile kwa muda. J ni herufi ya kati ya neno lingine, neno la herufi tisa. Kichwa kilikuwa bado kinabishana habari za soko na vibanda, lakini mkono ulikuwa umekwisha kuamua. Akaufuata mkono. Na kwa kuwa alipoondoa uongo nafasi ilibaki chini, aliijaza kwa ukweli.

Alipomaliza alitundika kitambaa cha shangazi kwenye fremu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na kamba ikining'inia. Katibu alifika mchana kukagua. Herufi alimwambia rangi ni mbichi, kitambaa kikifunuliwa vumbi litaingia na herufi za mheshimiwa zitaota manyoya. Ila kama anataka kuona, ngazi ile pale, aangalie tu matone. Katibu alitazama ngazi, akatazama viatu vyake, akasema anamwamini fundi.

Jumamosi watu walijaa uwanjani. Walikuja na mikono yao ile ile iliyobeba tofali, wamekaa nyuma, maana viti vya mbele vilikuwa vya wageni. Diwani alizungumza kwa muda mrefu. Aliwaambia wamejengewa darasa. Aliwaambia kwamba mtu akijengewa lazima atunze. Kila alipolitamka neno hilo, Timazi alitema mate pembeni, na kufikia mwisho wa hotuba koo lilikuwa limemkauka. Herufi alisimama karibu na ngazi, brashi mfukoni, kopo limefunguliwa. Alikuwa akiwatazama la nne B, waliopangwa mstari wa mbele, wamenyooshwa sare na kufundishwa wasome kwa sauti chochote watakachokiona.

Diwani alivuta kamba. Kitambaa kilianguka.

Watoto walisoma kama watoto wanavyosoma, kwa kuvuta kila silabi:

"Tu-me-je-nga da-ra-sa hi-li. Tu-na-ngo-ja la pi-li."

Maneno yalikuwa na vina, na watoto hawawezi kuyaacha maneno ya namna hiyo. Walirudia bila kuambiwa, sasa kwa mdundo. Mpiga picha, ambaye kazi yake haikuwa kusoma, alipiga picha mfululizo, diwani akiwa katikati na kamba mkononi. Huko nyuma wanawake walilipokea neno la kwanza, wanaume wakafuata.

Diwani hakuwa mjinga. Alicheka kwanza kuliko wote, akainua mkono, watu wakanyamaza. Alisema fundi ni binadamu, na binadamu husahau. Amesahau herufi mbili tu katika neno la kwanza. Ataziongeza sasa hivi, na huo mstari mwingine aufute, picha zipigwe upya.

Herufi alichovya brashi. Alitembea nayo mpaka mbele ya diwani, ikidondosha nyekundu kwenye vumbi, akaigeuza mpini umwelekee mheshimiwa.

"Sijasahau, mheshimiwa. Sisi zetu tumeandika. Hizo mbili nimekuachia, ni zako. Panda ukaziweke mwenyewe, hapa, watu hawa wakikutazama."

Timazi alikwisha kufika kwenye ngazi, akaikumbatia kwa mikono miwili.

"Nimeishika, mheshimiwa," alisema kwa heshima zote. "Haitateleza."

Hakuna aliyecheka. Diwani aliitazama brashi, kisha akawatazama watu, na pengine kwa mara ya kwanza siku hiyo aliiona mikono yao. Tone moja lilidondokea kiatu cha katibu. Katibu alimnong'oneza bosi wake kwamba wana mkutano mwingine, nao wakaondoka kwa mwendo wa watu wanaojizuia kukimbia.

Kazi ya soko alipewa fundi mwingine, anayeandika *kibanda* kwa a mbili za ukubwa tofauti. Herufi alitarajia hilo, na bado lilimuuma kila alipopita sokoni. Ripoti haikwenda, kwa sababu kila picha iliyopigwa ilikuwa na maneno yale, na diwani amesimama chini yake kama anayeyakubali. Faili lilibaki wazi. Lakini faili si chumba, na la nne B walibaki kibarazani.

Siku ya Jumatatu katibu alimtuma mtu na ndoo ya chokaa aupake ukuta. Herufi alikaa juu ya kopo lake tupu akamtazama akipaka. Mtu yule alikuwa na bidii, akarudia mara mbili, mpaka ukuta ukawa mweupe kabisa. Alimuuliza Herufi kama kazi imependeza. Herufi alisema imependeza. Kwamba aliandika kwa rangi ya mafuta, na kwamba chokaa na mafuta hazijawahi kukaa pamoja zaidi ya siku chache, hakuulizwa.

Wiki hiyo hiyo shangazi alitoka tena na chaki ya bluu. Safari hii hakutafuta wa kubeba tofali. Kila mlango uliochorwa ulikuwa umeahidi kutoa mtu mmoja, Jumanne ya wiki iliyofuata, wa kutembea mpaka ofisi kuu na kuuliza darasa lililoidhinishwa liko wapi, na kukaa hapo mpaka wajibiwe. Kufikia Ijumaa hakuna nyumba iliyokuwa uchi. Hata mlango wa mwalimu mkuu ulikuwa na mstari, ingawa aliomba uchorwe upande wa ndani.

Jumatatu iliyofuata Herufi alikwenda kumchukua binti yake. Alimkuta amekaa mahali pake, wa tatu kutoka ukingoni, nywele zimejaa vumbi jeupe na vipande vya chokaa vimetapakaa kwenye daftari. Mtoto alivipuliza, akainua uso, akaonyesha juu ya mlango kwa kalamu.

"Baba, mbona J imeanza kutoka?"

Herufi alitazama. Chokaa ilikuwa imebanduka pale pale kwenye mstari wa Timazi, na herufi moja nyekundu ilikuwa imesimama wima peke yake.

"Hiyo ndiyo ya kati," alimwambia. "Tunaanzia hapo."