Povu la Magadi

Mama Theodosia, fundi wa rejeta pale Songea, alichovya burashi kwenye maji moto ya magadi, akasugua pale alipoziba tundu kwa risasi ya kuchomelea kwenye rejeta ya lori langu. Povu likapanda tena.

"Asidi ya kuchomelea bado imo," akasema.

"Mama, ifunge hivyo hivyo! Nina harusi kesho."

"Nikiifunga hivi, Mzee Chande, asidi itaila shaba mpaka itoboke. Halafu utanitangaza Tunduru nzima. Subiri."

Nisubiri! Nilikwenda hadi lorini, nikarudi, nikatoka barabarani, nikarudi tena. Nilimchukia yule mama na burashi yake. Binti yangu wa pekee, Biasha, anaolewa, mimi ndiye walii wake wa kumwozesha, na barabara ya Tunduru ni matope matupu. Yule mchumba nilimkataa mwaka mzima, kisha nikakubali kwa shingo upande. Nilipoondoka kufuata bidhaa Songea, Biasha hakulia wala kugomba. Aliniambia tu, "Najua hutarudi, baba. Baba mdogo ataniozesha."

Lorini kulikuwa na sabuni, khanga na sukari. Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza, na mali yangu yote ilikuwa pale juu. Sikuwa nimewahi kulala mbali na lori lile; mke wangu hunitania kuwa ni mke mwenzake.

Mama Theodosia akasuuza, akamimina magadi mengine ndani ya rejeta. Povu likatoka mdomoni mwa rejeta, jeupe, halina haraka.

Ndipo pikapu ya Ibra, jirani yangu wa Tunduru, iliposimama. "Chande! Nafasi ni moja, naondoka sasa hivi kurudi nyumbani."

Nililitazama lori.

"Mama, lori nakuachia."

"Na mzigo?"

"Na mzigo. Osha mpaka uridhike."

Tuliisukuma ile pikapu matopeni zaidi ya tulivyoipanda. Kesho yake, watu wameshaketi mkekani, niliingia chumbani kumwomba Biasha idhini, suruali imekauka tope.

"Shikamoo, baba." Akachungulia dirishani. "Mbona sijasikia lori?"

"Liko Songea, kwa fundi."

"Na mali?"

"Imo humo humo."

Akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti. Nami nikalia. Nje wakaanza kuuliza kama bibi harusi amekataa.