Mkia wa Bi Esha

Kila asubuhi, kabla ya chai ya Bwana Randu, mtumishi wake Mwanatumu aliuchemsha mkojo wa paka. Alidondosha matone machache katika kichupa cha dawa ya buluu, akakishika juu ya moto, akangoja. Ikibaki buluu, paka mzima. Ikigeuka rangi ya tofali, sukari imempanda. Kisha paka huyo, Dachesi, alilishwa samaki changu wa kuchemsha, akachomwa sindano ya dawa ya sukari kwenye ngozi ya shingo. Hayo yote Mwanatumu alifundishwa na Daktari Ngala, daktari wa wanyama, aliyekuja Diani kila Ijumaa kwa gari la serikali.

Paka alikuwa wa memsahibu. Mwaka wa pili wa Uhuru memsahibu alirudi kwao, akamwuzia Bwana Randu nyumba na vilivyomo, na Dachesi alikuwamo. Bwana Randu alikuwa mtu wa majukwaani. Aliwahi kuapa kwamba hakuna mwana wa nchi atakayekosa dawa tena. Dachesi hakukosa.

Mama yake Mwanatumu, Bi Esha, alikuwa akimaliza mtungi mzima na bado ana kiu, na sisimizi walijipanga kila alipojisaidia. Mwanatumu akampima. Tofali. Hospitalini Msambweni, karani Matano akawaambia dirishani, "Dawa hiyo hamna, mama. Rudini baada ya sikukuu." Sikukuu ikapita. Bi Esha akakonda mpaka bangili zikamtoka zenyewe.

Ijumaa Mwanatumu akamngojea daktari mlangoni.

"Shikamoo, daktari. Mamangu ana ugonjwa wa Dachesi."

"Marahaba. Dawa ni ileile," akakiri Daktari Ngala, akifunga mkoba wake. "Ila mimi ni wa wanyama. Nikimtibu asiye na mkia, nafutwa kazi. Sheria hiyo tumeirithi."

Mwanatumu akampelekea mama yake jibu hilo. Bi Esha alisikiliza, akasali, akalala. Asubuhi aliamka na mkia.

"Hebu nitazame nyuma, mwanangu. Leso yakataa kukaa."

Ulikuwa mkia wa kadiri, wenye mvi kama nywele zake.

"Mama, huu ni mkia."

"Najua ni mkia. Nakuuliza, wanikaa?"

"Wakukaa."

"Basi toboa leso, Ijumaa tusichelewe."

Ijumaa ilipofika, Daktari Ngala aliuvuta, akauvuta tena, akaridhika. Akampimia dawa nyingi kuliko ya paka, kwa kuwa Bi Esha alikuwa mzito zaidi, ingawa si sana. Bwana Randu alipoambiwa kuna mgonjwa wa pili jikoni, aliuliza neno moja tu.

"Hatalalia kiti cha Dachesi?"

"Kiti chenyewe kimejaa manyoya, bwana," Bi Esha akamjibu. "Mimi nalala kwangu."

Akanenepa. Bangili zikarudi mkononi. Habari zikafika hadi Kombani, na kila Ijumaa baraza ya nyuma ikajaa watu waliokaa upande upande. Bwana Randu akapanda jukwaani kutangaza kwamba afya ya wananchi imeimarika. Akapigiwa makofi.

Jirani yao Kadzo alipoanza kushikwa na kiu, Mwanatumu alimsindikiza kwanza Msambweni, maana huko ndiko wapelekwako watu. Dirisha lilikuwa lilelile. Matano hakuinua macho.

"Dawa hamna. Una mkia?"

"Bado, mwanangu," akasema Kadzo.

"Nenda kauote. Na ukishauota usirudi hapa. Hapa ni pa watu."